Picha za Mama Mannoubia

Picha ya kwanza aliyotuma Mama Mannoubia ilikuwa ya maharage. Kadi ya wiki ile iliomba mtoto atenganishe maharage na dengu, ahesabu kumi kumi, kisha mtu mzima wa nyumbani apige picha na kuituma kwenye kundi letu la simu. Familia ishirini na mbili za chekechea zilituma sahani zilizopangwa zikapangika. Mama Mannoubia alituma sinia lililovurugwa, dengu na maharage pamoja, mengine yametapakaa sakafuni. Chini yake aliandika: "Hajui. Kichwa kigumu kama cha babu yake."

Nilicheka kidogo. Kisha nikafungua faili la mtoto, na mahali panapouliza hali ya masomo nyumbani nikaandika kwamba hapati msaada wa kutosha.

Mtoto mwenyewe aliitwa Yamen, miaka mitano. Darasani kwangu alikuwa mpole mno. Ukimwomba ahesabu, anatazama viatu vyake. Ukimpa kalamu, anaishika kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akitunze, na baada ya muda anakurudishia kwa heshima. Mama yake, Afef, alifariki yeye akiwa na mwaka mmoja. Baba yake, Chokri, ni fundi wa lifti mjini Tunis, na huja huku Nabeul Jumamosi mbili kwa mwezi. Aliyemlea ni bibi yake mzaa mama, Mannoubia, mjane wa msuka mikeka, katika nyumba iliyo nyuma ya soko la wafinyanzi.

Mannoubia anajulikana mtaani. Majira ya baridi hutarizi nguo za maharusi. Majira ya maua, midanzi inapochanua na mji mzima kunukia, hukeneka maji ya maua kwa mvuke, kwa ajili ya nusu ya mtaa. Watu humpelekea vifurushi vyao vya maua vilivyofungwa ndani ya shuka, na baada ya siku chache huenda kuchukua chupa zao. Wanasema maji yake hayana harufu ya kuungua hata kidogo. Lakini yeye mwenyewe hutamsikia akiyasifu.

"Mwaka huu hayana harufu, mwanangu," ndivyo anavyokukabidhi chupa. "Chukua tu. Ukiona mabaya, mwagilia mnanaa."

Ushungi alioutarizi miezi miwili ataukuta na kasoro. Kuskusi yake imejaa chumvi. Mguu wake unaouma ni afadhali, ila unaomtisha ni ule usiouma. Mtaa mzima tunamjua hivyo, na hakuna anayemwagilia mnanaa maji yake. Mimi nimezaliwa mitaa miwili kutoka kwake, nina miaka arobaini na tatu, nimesomea malezi ya watoto chuoni miaka mitatu. Maneno yake kuhusu maji nilijua kuyapima. Maneno yake kuhusu mtoto niliyachukua kama yalivyo.

Wazo la mkoba lilikuwa la mkuu wetu, Bi Saloua. Kila Ijumaa mtoto anaondoka na mkoba wa kitambaa wenye kadi na vifaa vichache, na wiki nzima familia inafanya naye jambo dogo nyumbani: kupanga, kumimina, kukata, kutaja. Tuliwaambia wazazi kwamba si mashindano. Kundi la simu lilikuwa mashindano kabla ya Jumapili jioni.

Bi Hayfa, mama yake Sirine, alituma nyumba ya maboksi yenye madirisha yanayowaka taa.

"Mashallah, Bi Hayfa," aliandika mama mmoja. "Na Sirine naye alisaidia?"

"Alishika gundi."

"Gundi ndiyo kazi yenyewe, dada. Mpeni mtoto cheti, mama apewe ramani ya jengo."

Katikati ya vicheko hivyo picha za Mama Mannoubia zilikuja moja moja. Karatasi iliyopasuka katikati. Mchoro wa mistari tu, kama njia ya mdudu aliyelowa wino. Safari moja ilikuwa picha ya vigae vya sakafu, bila mtoto, bila karatasi, na maneno: "Amekataa." Akina mama wengine waliacha kumtania. Wakaanza kumwandikia maneno ya kumpa moyo, na hayo yaliniuma zaidi kuliko utani.

Mwezi Machi Chokri alinipigia simu. Nyuma yake nilisikia nyundo zikigonga chuma.

"Bi Najet, samahani kwa kelele. Nataka uniambie kweli. Mwanangu ataingia mwaka wa maandalizi ya darasa la kwanza au hataingia?"

"Tunatathmini mwisho wa Aprili, Bwana Chokri."

"Mimi picha nazitazama. Sina la kumlaumu mama mkwe, amechoka, umri umekwenda. Lakini mtoto anaharibikiwa. Kama tathmini yenu itakuwa mbaya namchukua. Atakaa kwa dada yangu Dalila. Ana wanne, wa tano hatamshinda."

"Umemwambia mama?"

"Bado. Na wewe usimwambie, tafadhali. Nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso."

Nikakaa na siri hiyo wiki tatu. Kila asubuhi nilimwona Mannoubia akimleta Yamen, akimfuta uso kwa pembe ya shuka lake jeupe, kisha akimpaka tena vumbi kidogo shavuni kwa kidole. Nilidhani ni uzee. Alikuwa akisimama pale langoni mpaka mtoto aingie ndani kabisa. Sikujua nimweleze nini. Huyu alikuwa ameshazika mume na binti yake wa pekee, na mtoto huyu ndiye kitu kilichobaki kinachomwamsha.

Jumatano moja ya Aprili nilikwenda kwake kuchukua maji yangu ya maua. Nilikuwa nimempelekea maua siku chache nyuma, kama kila mwaka. Nilikuwa na neno jingine pia: kumwambia kwamba Jumamosi baba yake Yamen atakuja chekechea kwa tathmini, na yeye awepo. Msimu wa maua mlango wake haufungwi, kwa hiyo niliingia mpaka uani bila kubisha.

Sufuria ya shaba ilikuwa juu ya moto mdogo. Mvuke wa maua ulipanda mpaka kwenye kifuniko chenye maji baridi, ukageuka matone, ukadondokea polepole ndani ya dumu la kioo. Maungio yote yalikuwa yamezibwa kwa vitambaa vilivyopakwa unga. Nilimsikia mtoto kabla ya kumwona.

"Bibi, maji ya juu yamepata moto."

"Ya ngapi hayo?"

"Ya sita. Yamebaki mawili, tukiyavuka maji ya maua yatakuwa machungu."

"Weka alama."

Yamen alikuwa amepanda juu ya kigoda, mkono mmoja ndani ya yale maji, mwingine umeshika kipande cha mkaa. Alichora mstari wa sita ukutani, na bibi yake akabadilisha maji. Pembeni yake vilikuwako visahani vitatu, kimoja cha maua yaliyofunguka, kimoja cha yaliyofumba, kimoja cha majani, na hapakuwa na jani hata moja lililopotea njia. Alipogeuka akaniona, akashuka kigodani na kuanza kutazama viatu vyake.

Mannoubia alinyanyua shali na kuitupa juu ya chupa zilizopangwa kando ya ukuta. Lakini shali haikutosha. Chupa ya mwisho ilibaki nje, na juu yake karatasi imebandikwa: Najet. Herufi za Kiarabu zilikuwa kubwa, zimeinama kidogo, kama zinazopanda ngazi.

"Nani ameandika jina langu, mama?"

"Jirani."

"Jirani gani?"

"Jirani tu. Mkono wake mbaya, utamsamehe."

"Nukta ya herufi jimu si mbaya," alisema Yamen, macho bado kwenye viatu.

"Nyamaza wewe!"

"Lakini si mbaya, Bibi. Nimeiweka tumboni kabisa."

Nikainua shali. Chupa kumi na saba, majina kumi na saba ya watu wa mtaa. Nikaketi kwenye kigoda alichokiacha mtoto. Mannoubia alimtuma Yamen akalete kuni, ambazo zilikuwepo pale pale tele, na mtoto alipotoka akaufunga mlango wa ua.

"Sasa umeona," alisema. "Utakwenda kutangaza?"

"Mama, kwa nini umenitumia picha zile? Sinia lile ulilivuruga mwenyewe?"

"Alilipanga robo saa. Mistari kumi kumi, imenyooka. Nikalipiga kofi."

"Kwa nini?"

Alichukua fimbo akasogeza kaa moja. "Unamkumbuka Afef."

Nani asiyemkumbuka. Tulikuwa tukimwona akipita na madaftari yake kifuani, tukijua huyu atafika mbali.

"Siku yalipotoka matokeo alikuwa wa kwanza mkoa mzima. Nilipanda juu ya paa nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Nikagawa soda kwa watu nisiowajua. Cheti nilikitundika barazani, kila apitaye akione. Jicho baya lilitoka kwangu, Najet, si kwa adui. Mimi mwenyewe. Miaka saba baadaye nikamfumba macho."

"Mama, Afef aliugua damu. Daktari alisema."

"Daktari alisema jinsi. Hakusema kwa nini."

Chuoni tulifundishwa namna ya kuzungumza na wazazi wasioshiriki, na mimi nilikuwa na kurasa nzima za mambo ya kusema, lakini hakuna ukurasa hata mmoja uliomhusu mwanamke anayempaka mjukuu wake vumbi ili asipendeze.

"Nyinyi mmeanzisha kitu," aliendelea. "Kila Ijumaa kila mtu amwanike mtoto wake mbele ya macho ya familia ishirini na mbili. Tazameni, wangu anahesabu. Tazameni, wangu anasoma. Na yule Hayfa na nyumba yake ya taa, Mungu amhifadhi mtoto wake, usiku nilimwombea. Nilimwambia Yamen: ya nyumbani yabaki nyumbani. Mbele za watu usihesabu, usiandike. Ni mtoto mwenye adabu, anasikia."

Nilifikiri juu ya wiki zile tatu za siri yangu. Nikaivunja ahadi yangu kwa Chokri.

"Chokri anataka kumchukua."

Hakuelewa. "Kumpeleka wapi?"

"Tunis, kwa Dalila. Kama tathmini ya Jumamosi itakuwa mbaya. Anasema mtoto anaharibikiwa."

"Nani kamwambia anaharibikiwa?"

"Wewe, mama. Zile picha."

"Yeye kaziona wapi?"

"Yumo kwenye kundi."

"Nilidhani ni akina mama tu," alisema polepole.

Tone likadondoka ndani ya dumu, likafuata jingine. Maji ya juu yalikuwa yameanza tena kutoa moshi na hakuna aliyeyabadilisha. Nilinyanyuka nikayamwaga mwenyewe, nikajaza mengine, nikachora mstari wa saba ukutani chini ya ile sita ya Yamen. Mannoubia alinitazama nikifanya hivyo.

"Mruhusu Jumamosi aonyeshe," nikamwambia. "Watazamaji watakuwa wawili tu, baba yake na mimi. Hakuna mwingine."

"Jicho halihitaji watu wengi."

"Ukimnyamazisha, utampoteza. Hilo si la kukisia, mama. Chokri ameshaamua."

Aliniongezea chupa ya pili ambayo sikuiomba. Sikujua kama ni jibu.

Jumamosi walikuja wote. Chokri alikuwa amevaa shati la pasi na alikaa kwenye kiti cha chekechea, magoti yamemkaribia kidevu, mikono mikubwa haijui iwekwe wapi. Mannoubia alifunga madirisha yote mawili kabla ya kuketi. Alimfungua Yamen kifungo cha shati, akachungulia ndani, pini ya samaki wa fedha ya kuzuia jicho ilikuwa mahali pake, akamfunga tena. Kisha akamwinamia sikioni. Sikusikia alichomwambia. Nilimwona tu mtoto akimtazama usoni kama anayeuliza mara ya pili, na yeye akitikisa kichwa kukubali.

Nilimwekea Yamen maharage na dengu. Alitenganisha bila kuinua macho, akapanga kumi kumi, akafika kumi ya nne na akasema zimebaki tatu zisizo na wenzao. Nilimwonyesha misumari ya ukutani wanapotundikia makoti, yenye majina ya watoto. Alisoma yote, kutoka Sirine mpaka lake mwenyewe. Jina moja lilikuwa na herufi iliyofutika, akasimama hapo akafikiri, akasema, "Huyu ni Aziz, lakini amenyeshewa."

Chokri alisimama, kiti kikamfuata nyuma kikaanguka.

"Huyu ni Yamen? Huyu huyu? Ana akili kama mama yake!"

"Sema mashallah!" Mannoubia alikuwa ameshanyanyuka.

"Mashallah, mama. Mashallah. Lakini umesikia? Ana miaka mitano!"

"Usitaje miaka!"

Alimnyanyua mwanawe juu, akambusu kichwani, akamweka chini, akamnyanyua tena. Mimi nilikuwa nikitabasamu kama mpumbavu. Nilidhani tumeshinda. Kisha Chokri aligeuka kwangu na uso wake ulikuwa umebadilika, umejaa mipango.

"Basi, Bi Najet, haiwezekani abaki huku. Mtoto wa namna hii! Tunis kuna shule zinazochukua wenye vipaji tangu wadogo. Nitauliza kesho. Septemba nakuja kumchukua."

Mannoubia aliketi. Nilingoja alie, au amlaani mkwe wake, au anilaani mimi, ambaye nilikuwa nimestahili. Alinitazama tu, bila hasira.

"Nilikuambia, mwanangu. Jicho si lazima liwe la adui."

Kisha akamgeukia Chokri.

"Haya. Wewe ni baba yake. Chukua kalamu."

"Kalamu ya nini, mama?"

"Uandike. Ukimchukua bila kujua utamharibu kweli, na hapo nitakuja Tunis kwa miguu. Andika. Asubuhi usimwulize kitu mpaka amekula nusu ya mkate. Nusu, si robo. Ukimwuliza kabla atasema hajui, nawe utaamini. Umeandika?"

Nilimpa fomu ya tathmini, akaigeuza nyuma na kuanza kuandika.

"Kuhesabu, anaanza na 'Mungu ni mmoja', ndipo aseme mbili. Usimkatize. Mume wangu alihesabu mafungu ya mikeka hivyo. Herufi mpya anaipenda kwanza kwenye unga, kwa kidole. Karatasi baadaye, siku ya tatu au ya nne. Usimletee karatasi siku ya kwanza."

"Polepole, mama."

"Akikosea, usimwambie amekosea. Mwambie, 'Tazama tena.' Atatazama, ataona. Lakini lazima uwepo wakati anatazama, usiwe kwenye simu. Akiona uko kwenye simu anaacha. Maswali yake anayauliza saa ya kulala. Ukimwambia kesho, kesho atakuuliza, na kesho kutwa. Jioni mkirudi kutoka sokoni mwache asome maandishi ya milangoni, hata kama mnachelewa. Mtachelewa. Nguo za ndani anavaa mwenyewe lakini soksi bado."

Chokri aliandika mpaka chini ya ukurasa. Kalamu yake ilianza kwenda polepole. Alirudi juu akasoma alichoandika, midomo ikisogea. Nilimwona akisimama mahali fulani katikati.

"Mimi natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri," alisema, kama anayezungumza na ile karatasi. "Nikirudi ameshalala."

Akapiga mstari chini ya maneno "saa ya kulala".

"Dalila ana wanne," akasema tena. Sasa hakumalizia ile sehemu ya pili.

Yamen alikuwa amesogea karibu, anachungulia chini ya mkono wa baba yake. "Hapa umeandika soksi," alimwambia. "Hapa sijui. Mwandiko wako mbaya."

"Ni mbaya kweli," alisema baba yake, akajifuta uso kwa kiganja, juu mpaka chini. Kisha akaigeuza karatasi upande wa mbele, wenye mihuri.

"Bi Najet, mwaka wa maandalizi wa hapa, unaanza lini?"

"Septemba. Katika shule ya mtaa, dakika tano kutoka kwa mama."

"Basi mwaka huo akae. Wa darasa la kwanza tutazungumza." Alimtazama mama mkwe wake. "Mwaka mmoja, mama. Ukikubali."

Mannoubia alitazama madirisha, kama anayehakikisha bado yamefungwa. Mwaka mmoja si mrefu kwa mtu wa umri wake, na yeye ndiye alijua hilo kuliko sisi sote.

"Mwaka mzima?"

"Mzima."

"Na wewe Jumamosi uje zote, si mbili. Kuna mambo mimi yananishinda." Alimvuta Yamen kwa mkono akamsimamisha mbele ya baba yake. "Tangu Ramadhani ananiuliza lifti inajuaje ghorofa ya kuishia. Nimemwambia Mungu anajua. Anasema Mungu anajua, lakini lifti je?"

Chokri alikiokota kiti chake kidogo, akakaa, magoti kidevuni. "Kuna kamba," alianza, akanyoosha vidole vyake vikubwa kuonyesha. "Hapana, ngoja. Kwanza fikiria kisima."

Yamen alifikiria kisima. Bibi yake naye akasogeza kiti karibu asikie. Nilisaini fomu ile juu ya meza ya rangi, nikaiacha hapo ikauke, nikatoka nikawaachia chumba.